Sindano ya Hadija

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, chupa ya chai na saa ya ukutani. Hiyo saa nadhani hupewa mstaafu ili aone vizuri muda alionao wa kukaa bure. Mganga mfawidhi akasimama, akasema nimetumika miaka thelathini na sita bila doa, nami nikapiga makofi pamoja nanyi. Baadaye ninyi wa chumba cha uzazi wa mpango mkaniomba niandike uzoefu wangu, kurasa chache tu, ili wanaoanza kazi wapate cha kusoma. Hii ni wiki ya tatu nimekaa hapa kwangu Mandewa na daftari mapajani, na kila nikianza nakwama kwenye maneno hayo ya mganga mfawidhi. Sasa nimeamua kuandika kwa mpangilio, kama tunavyojaza faili la mgonjwa, na nikifika penye aibu sitaparuka. Majina ya watu nimeyabadilisha. Mama nitakayemwita Hadija amenipa ruhusa, na nilivyoipata ruhusa hiyo nitaeleza.

Nilianza kwenye zahanati ya kijiji kimoja mbele ya Mtinko. Vyumba viwili, stoo, benchi moja nje, na popo darini waliokuwa wengi kuliko wagonjwa. Siku ya kwanza nilivunja bomba la sindano. Wakati ule mabomba yalikuwa ya kioo, tunayachemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, nami nililitoa likiwa la moto nikalitumbukiza kwenye beseni la maji baridi. Likapasuka. Zahanati nzima ilikuwa na mabomba sita. Mkubwa wangu wa kazi, Sista Yudita, aliviangalia vile vipande akasema, "Vunja leo yote unayotaka kuvunja. Kesho kuna chanjo."

Sista Yudita alikuwa Mnyiramba, mrefu, anayevaa viatu vya kiume kwa sababu vya kike havikumtosha, na hakuona haja ya kumweleza mtu yeyote jambo hilo. Kwake nilijifunza kunoa ncha ya sindano kwenye jiwe, kupasha mikono joto kabla ya kugusa tumbo la mjamzito, na kuandika rejista kwa mwandiko ambao mtu mwingine anaweza kuusoma. Alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Akimaliza kumweleza mama matumizi ya dawa, hamuulizi kama ameelewa. Anamwambia, "Haya, sasa nifundishe mimi." Mama anaanza upya, anakosea, anarekebishwa, anaanza tena. Foleni inafika hadi nje, chini ya bomba la maji ya mvua. Nilipomwuliza kwa nini anapoteza muda hivyo, alinijibu, "Ukimwuliza mtu kama ameelewa, atasema ndiyo ili akaanue nguo zake. Mimi nataka nisikie nilichomwingizia kichwani."

Miaka michache baadaye alihamishiwa kituo cha afya, akawa anakuja kwetu kwa usimamizi tu, kila baada ya miezi kadhaa. Chumba cha mama na mtoto kikabaki mikononi mwangu. Mabomba ya kioo yalikuwa yameshaondoka, tunatumia ya plastiki ya kutupa, na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ilikuwa ndiyo wanawake wanayoitaka. Vidonge vinaonekana na mama mkwe. Sindano ikishaingia, hakuna anayeiona. Kadi nyingi zilikuwa hazitoki zahanati. Nilikuwa na boksi la viatu lililojaa kadi za wanawake ambao waume zao hawakujua chochote.

Kuchoma nilijua vizuri. Kichupa unakitikisa mpaka dawa iwe nyeupe yote kama maziwa, maana hutuama chini, na ukichota bila kutikisa umempa mama maji. Unachoma begani au kwenye tako, na hupasugui, usije ukaisambaza dawa haraka kabla ya muda wake. Hayo yote niliyafanya kwa usahihi. Kilichonishinda kilikuwa maneno.

Ninyi mmesoma haya kwa picha za rangi, lakini niyaandike kwa namna niliyopaswa kumweleza mama wa pale kijijini. Kila mwezi ubongo wa mwanamke hutuma amri kwenye vifuko vya mayai: pevusha yai, liachie. Yai likishatoka, mwili hutoa homoni ya kuutandika mji wa mimba umsubiri mtoto. Mtoto asipopatikana, tandiko lile hubomoka na kutoka, ndiyo hedhi. Dawa ya sindano imetengenezwa kiwandani ifanane na hiyo homoni ya kutandika. Ikikaa kwenye damu kwa miezi mitatu bila kushuka, ubongo unadhani yai limeshatoka na kazi imeisha, hautumi amri tena. Yai halitoki. Tandiko linabaki jembamba, hivyo hakuna cha kubomoka. Ndiyo maana damu huja matonematone bila mpangilio, halafu kwa wengi hukata kabisa. Haijajikusanya popote. Haipo. Na mama akiacha sindano, dawa haimtoki siku tarehe ya kadi inapopita. Inapungua polepole, na mayai yanaweza kukaa miezi tisa, kumi, hata mwaka na zaidi kabla hayajaanza kutoka tena. Hayajaharibika. Yanachelewa tu.

Maelezo hayo yanachukua kama dakika kumi. Mwanzoni nilikuwa nayatoa. Kisha mama mmoja niliyemwambia kwamba damu inaweza kukata alisimama, akafunga kanga yake, akaondoka na wenzake wawili waliokuwa benchini, kwa sababu walijua, kama wengi walivyojua, kwamba damu isiyotoka inaganda tumboni. Siku hiyo sikuchoma mtu. Wiki iliyofuata nikapunguza maneno. Nikasema tu, "Itakupumzisha. Rudi baada ya miezi mitatu." Hakuna aliyeondoka. Rejista ikajaa, na wageni wa wilayani walipokuja wakaonyeshana kurasa zangu. Nikajiambia nawasaidia. Na kweli niliwasaidia wengi.

Hadija alikuja na mtoto wa kike wa miezi kumi mgongoni na mwingine wa kike akimshika kanga. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili hivi, mke wa Ramadhani, mkulima wa alizeti ambaye pale kijijini aliitwa Rama. Walikaa uwanja mmoja na mama yake Rama. Nyumba ya jirani, hatua chache tu, aliishi mjane mwingine wa marehemu baba yake Rama, mke mkubwa, jina lake Bibi Tatu. Bibi huyo alikuwa na binti mmoja tu, aliyeolewa Shelui. Hao wajane wawili walisalimiana kila asubuhi kwa heshima zote, na zaidi ya salamu hawakuwa na mengi.

"Nesi, nataka kupumzika kidogo," Hadija aliniambia. "Mama anataka mjukuu wa kiume, na Rama naye. Wakijua nitarudishwa kwetu."

Nikamchoma. Nikamwambia itampumzisha, arudi baada ya miezi mitatu. Aliporudi alisema ameona matone tu mwezi ule. Nikasema ni kawaida, huku naandika, wala sikuinua macho. Nikamchoma ya pili. Alipokuja kwa ya tatu dawa ilikuwa imeisha stoo. Nikamwambia apite baada ya wiki mbili. Ulikuwa wakati wa mavuno, hakupita, na mimi sikumkumbuka.

Sasa jiwekeni kwenye nafasi yake. Ameikosa sindano. Damu haijarudi, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwili umeongezeka, kama dawa ile inavyowaongeza baadhi ya wanawake. Alichojua yeye ni kwamba mwanamke aliyeolewa asipoiona damu, ana mimba. Akahesabu, akaogopa kidogo, kisha akaizoea. Akamwambia mumewe. Rama alifurahi, na mama yake Rama alianza kuwakataza watu wasimtume Hadija kisimani. Bibi Tatu naye alimletea mlenda kwenye bakuli, akampapasa tumbo, akamwambia anamwombea ajifungue salama.

Alikuja kliniki ya wajawazito akiwa, kwa hesabu yake, na miezi mitano. Mama mkwe alimsindikiza, akakaa nje benchini. Nilimlaza Hadija kitandani, nikapasha mikono, nikaanza chini kabisa, juu ya mfupa, nikapanda. Mimba ya miezi mitano inafika kitovuni. Nilipapasa mara tatu. Palikuwa na tumbo laini la mtu aliyenenepa, basi. Tulikuwa na vipimo vya mkojo vichache siku hiyo, nikatumia kimoja. Ukatokea mstari mmoja.

"Hadija, damu uliiona mara ya mwisho lini?"

"Kabla ya kukosa ile sindano, Nesi. Muda sana."

"Sasa sindano yenyewe ndiyo inayokausha damu. Hata ukiiacha, inachelewa kurudi. Hukuambiwa?"

"Na nani?"

Hakuuliza kwa jeuri. Alitaka kweli kujua ni nani mwingine alipaswa kwenda kwake. Nilikunja kipimo kwenye karatasi. Yeye akafunika tumbo kwa mikono miwili na kusema, "Lakini kinacheza, Nesi." Nikamwambia ni tumbo tu, ni gesi. Akaanza kulia bila sauti, kwa sababu mama mkwe alikuwa nje ya mlango.

Njia ya haki ilikuwa moja. Ningemwambia Hadija tumwite mama, niseme mbele ya wote wawili: hakuna mimba, damu imechelewa, hutokea. Sindano ningeiacha kwenye boksi la viatu. Lakini niliona mbali zaidi ya hapo, nikaona maswali. Kwa nini damu imechelewa? Nani alimpa nini? Niliona wanawake wakija kudai kadi zao, rejista yangu ikikauka, na mtu wa wilayani akiniuliza kama huwa natoa ushauri nasaha kamili. Nikatoka nje mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

"Mimba haijakaa vizuri," nilisema. "Inaonekana imesinyaa. Akapumzike, asishtuliwe. Inaweza isiendelee."

Ndivyo nilivyosema. Nilimtengenezea mimba mtoto wa watu, kisha nikaanza kuiua. Ndani nilimwambia Hadija akae siku nne, halafu aseme imetoka.

Sikufikiri kwamba mimba ya miezi mitano ikitoka kuna kitu cha kuzika. Wale ni wanawake waliozaa na kupoteza watoto, wanajua kila hatua. Hadija aliposema imetoka, mama mkwe aliuliza iko wapi. Hapakuwa na damu kwenye kanga, hapakuwa na kitu. Tumbo lilikuwa lile lile. Kwa watu wa pale jambo hilo lina jina lake. Mimba imeibwa. Na ukishakubali kwamba imeibwa, unauliza nani alilishika tumbo.

Habari zilinifikia benchini, kama habari zote za kijiji. Bibi Tatu, mke mkubwa, asiye na mtoto wa kiume, alileta mlenda na alipapasa tumbo. Siku chache baadaye wanawake waliacha kuchota maji akiwa kisimani. Mbuzi wake wawili walifunguliwa wakapotelea porini. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Ntandu, mtu mwenye busara ambaye hakutaka fujo katika eneo lake, alikuja kwangu na kofia mkononi.

"Nesi, wewe ndiye mtaalamu. Mimba inaweza kupotea tumboni hivihivi?"

Nilimjibu sentensi ambayo kila muuguzi anaijua kwa moyo. "Mzee, mambo ya mgonjwa ni siri. Siruhusiwi kuyasema."

"Basi jambo lipo," akasema, akavaa kofia yake.

Nataka msome hapo taratibu. Sentensi ile ni ya kweli, na ndiyo tunayoilinda. Lakini mimi sikuwa naitumia kumlinda Hadija. Sikumwuliza hata Hadija kama ananiruhusu kusema angalau nusu ya habari. Nilijificha nyuma ya siri yake kwa sababu ilikuwa pana, ikanitosha na mimi.

Bibi Tatu mwenyewe alikuja siku ya Jumanne, kliniki ikiwa imejaa. Alisubiri zamu yake kama mgonjwa. Wenzake benchini walisogea, wakamwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Alipoingia nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mwanangu, mimi sijasoma," alisema. "Lakini wewe ulimshika yule binti tumbo. Wanasema mimi nimechukua. Nenda uwaambie ulikuta nini."

"Bibi, kazi yangu hainiruhusu."

"Hata kusema tu kwamba mimi simo?"

Nilikuwa na kalamu mkononi. Nakumbuka nilikuwa naandika tarehe, na niliiandika mara mbili. "Bibi, hainiruhusu," nikarudia.

"Haya," akasema. Akasimama akiwa ameshika magoti, akapita katikati ya wale wanawake, hakumtazama yeyote. Wiki ile vijana walibomoa upande mmoja wa paa lake. Mzee Ntandu aliona heri aondoke akiwa hai, akampa siku saba. Binti yake, Zena, alikuja kumchukua kwa lori lililokuwa likipeleka vitunguu, wakapakia godoro, kinu na kuku wachache. Mimi nilikuwa nachanja watoto. Nilisikia lori likipita, nikaendelea kuchanja.

Sista Yudita alikuja mwezi uliofuata kwa usimamizi. Alipofika kwenye jina la Hadija kwenye rejista, aliweka kidole. "Huyu ndiye wa ile mimba inayosemwa hadi kituoni?" Nilimweleza yote. Kwake sikuweza kudanganya, alijua mwandiko wangu. Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu: "Alipokuja mara ya kwanza, alikufundisha?" Nikasema hapana, palikuwa na foleni. Akafunga rejista.

"Ungesema hakuna mimba, ukaishia hapo," aliniambia akiwa mlangoni. "Bado unaweza. Shelui siyo ng'ambo."

Nilimwahidi nitakwenda. Nilipanga Jumamosi ile, kisha mwisho wa mwezi, kisha baada ya mvua. Sista Yudita hakuniuliza tena, na miaka michache baadaye alistaafu, akarudi kwao Iramba, akafariki akijua kwamba sikwenda.

Na hapa ndipo dawa ilipofanya kile hasa ambacho vitabu vinasema itafanya. Karibu miezi mitano baada ya Bibi Tatu kuondoka, damu ya Hadija ilirudi mara moja tu, yai likatoka, akapata mimba. Ukihesabu tangu sindano ya mwisho, ni mwaka na kidogo. Hakuna cha ajabu. Alijifungulia kwangu, mtoto wa kiume wa kilo tatu na nusu, na mama mkwe alishika mkono wangu kwa furaha.

"Umeona, Nesi? Yule mtu ameondoka tu, tumbo limefunguka."

Kama kulikuwa na mtu mmoja tu kijiji kizima aliyekuwa na shaka juu ya Bibi Tatu, mtoto yule aliimaliza. Hadija alikuwa kitandani ananitazama. Mimi nikasema, "Hongera mama," nikaenda kuosha vifaa.

Baadaye nilihamishwa, kwanza kituo kingine, kisha mjini kwenu. Mliofanya kazi nami mnajua kwamba nilikuwa msumbufu. Foleni ikifika getini, mimi bado niko na mama mmoja, namwambia, "Haya, nifundishe mimi." Mlikuwa mnanicheka, nanyi mlikuwa na haki. Mlidhani ni uangalifu. Kuna siku mmoja wenu aliwaambia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, "Muigeni Nesi Eliza, hajawahi kumficha mteja jambo." Nilitoka nikaenda chooni, nikakaa humo mpaka nikaweza kutoka.

Nilipobakiza wiki chache kustaafu nilipanda gari hadi kijijini kumtafuta Hadija. Mama mkwe alikuwa amefariki. Hadija sasa ana wajukuu, anavaa miwani, na alikuwa anapepeta uwele uwanjani. Nilimwomba msamaha. Nikamwambia kwamba nikiruhusiwa naye, nataka kwenda Shelui kusema.

Aliendelea kupepeta. "Mimi nilikuwa nakungoja wewe," alisema. "Nilisema wewe ndiye uliyesoma, siku ukianza nitakufuata. Miaka ikaenda. Kila Bibi Tatu alipotajwa hapa nilikuwa naingia ndani."

"Rama atasemaje?"

"Nitamwambia mwenyewe. Tumezeeka, atanirudisha wapi."

Alimwambia. Siku ya tatu Rama alikamata kuku wawili, akawafunga miguu, akasema mimi na Hadija tusiende mikono mitupu.

Zena ana kibanda cha chakula Shelui, kando ya barabara kuu, pale yanapoegeshwa malori yaendayo Nzega. Tulimkuta saa za mchana, madereva wamejaa, yeye anapakua wali. Ni mtu mzima kama mimi. Tulijitambulisha, tukasema tumekuja kumwona mama yake. Alitazama wale kuku mikononi mwa Hadija.

"Mama amefariki. Mwaka juzi, wakati wa kupanda."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nilikuwa nimejiandaa kusamehewa. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo, ingawa bibi angekuwa na zaidi ya miaka themanini na hesabu ningeweza kuifanya nikiwa Mandewa. Hadija alikaa chini kwenye benchi. Basi nikamweleza Zena, nikiwa nimesimama kati ya meza na jiko. Nilimwambia hapakuwa na mimba iliyoibwa kwa sababu hapakuwa na mimba. Ilikuwa sindano. Nilijua.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

"Kabla hawajambomolea?"

"Kabla."

Alifunika sufuria ya wali. Dereva mmoja aliomba maharage, Zena hakumsikia.

"Mimi nilimtunza," alisema. "Nilimpa chumba, nikampikia, nikamfulia hadi mwisho. Lakini wanangu walikuwa wadogo watatu, na sikumwachia hata mmoja, hata saa moja. Nikienda sokoni nawabeba wote. Nikimkuta amempakata mmoja namchukua, nasema anataka kunyonya. Na yeye alikuwa anaona. Alifika mahali hata wakimkimbilia anaweka mikono nyuma." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Mama yangu mzazi."

Hadija alikuwa analia. Mimi sikulia, niliona sina haki hiyo. Nilianza kusema kwamba nasikitika, Zena akainua mkono kunikatiza. Alitoa simu kwenye mfuko wa aproni, akampigia mwanawe mkubwa, dereva wa lori, akaweka spika na kunisogezea juu ya meza.

"Mweleze," akasema.

Nikaanza. Nilieleza mimi ni nani, hali ya zahanati za wakati ule, foleni, dawa kuisha stoo, sheria ya siri ya mgonjwa. Yule kijana alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mama, huyu bibi anataka kusema nini?" Zena akanitazama. Nikasema. Kijana akakata simu bila kuaga.

Zena alimpigia wa pili, aliye Nzega. Safari hii niliacha habari za foleni na za stoo. Madereva walikuwa wameacha kula, mmoja amevua kofia. Wa tatu alikuwa binti, ameolewa, sauti nyembamba, nyuma yake redio inasikika.

"Naitwa Eliza, nilikuwa nesi kwenye zahanati ya kijijini kwa bibi yako," nikamwambia. "Bibi yako hakuchukua mimba ya mtu. Mimba haikuwepo. Nilijua, nikanyamaza ili nisiulizwe, wakamfukuza."

Redio ikazimwa.

"Ngoja," yule binti akasema. "Namwita mume wangu na watoto. Urudie."

Nikasikia miguu, kiti kikivutwa, mtoto akiambiwa aje karibu. Kisha akasema wako tayari, nikarudia.